Siku Baba Alipoigiza Maiti

Kwetu hakuna mtu anayekubali kulala chini na kujifanya maiti. Mwambie aigize mwizi, mlevi, hata mchungaji mwenye wanawake wawili, atakubali na bado atakuchekesha. Mwambie alale afe kidogo tu mbele ya kamera, atakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mjini. Niligundua haya nikiwa mwaka wa mwisho chuoni kule Nchiru, nikitafuta mtu wa kufa katika filamu yangu ya kumalizia masomo. Vijana wa hosteli, wale wale waliokuwa wakijiita waigizaji, walinitoroka mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikubali asubuhi, mama yake akampigia simu adhuhuri akilia, na ilipofika jioni kijana akawa mgonjwa.

Nilikuwa nimeupenda mtindo unaoitwa noir, zile filamu za zamani za uhalifu, nyeusi na nyeupe, zenye mvua na kofia na moshi wa sigara, ambapo nusu ya uso wa mtu iko kwenye mwanga na nusu nyingine imezama gizani, na hakuna hata mmoja unayeweza kumwamini. Hadithi yangu ilikuwa fupi. Karani wa kahawa anajua ni nani anayeiba magunia, na anakutwa amekufa ghalani. Bila maiti sikuwa na filamu, na bila filamu sikuwa na digrii.

Nikaenda nyumbani Embu nimevimba kwa hasira. Baba alinisikiliza hadi mwisho huku akikoroga chai. Alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi, mtu wa kubishana na redio, na ushirikina ulimkera kuliko kitu kingine chochote.

“Basi nitakufa mimi,” akasema.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. “Mwalimu, wacha hiyo mchezo.” Hakuwahi kumwita jina lingine.

“Si mchezo, ni kazi ya mtoto.”

“Kazi ya mtoto ni kuua baba yake?”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimepata maiti wangu.

Tulipiga picha Jumamosi, saa sita mchana, jua likiwaka. Nalitaja jua makusudi, maana waliokuja kuiona ile filamu baadaye waliapa kwamba ilikuwa usiku wa manane. Ghala letu la kahawa lina kuta za mbao zilizoachana kidogo ili upepo upite, na mwanga ukiingia pale huanguka sakafuni kwa mistari. Niliziba mlango kwa gunia, nikaziba na pembe moja ya ukuta, nikabakiza mistari michache tu impite Baba usoni. Kuku walikuwa wakiingia na kutoka chini ya gunia na kutuharibia kazi. Aliyeshika kamera alikuwa rafiki yangu wa Kaaga, tuliyesoma naye darasa moja, msichana mpole mwenye kasoro moja iliyonichemsha damu kila siku: nikisema “kata,” hakuzima. Alikuwa ameambiwa na mhadhiri wetu kwamba usizime kamera mara moja, acha picha ipumue kidogo, na kwake hicho kidogo kilikuwa kama safari ya kwenda kuteka maji na kurudi. Niligombana naye sana kuhusu nafasi anayomaliza kwenye kadi ya kuhifadhia picha.

Baada ya hapo nilijifungia hosteli nikahariri. Nikikueleza jinsi nilivyomuua Baba utaona ni kazi ya kawaida kabisa, haina uchawi. Picha ya kwanza: anasikia kitu, anageuka. Nakata kabla hajamaliza kugeuka. Picha ya pili: kivuli ukutani, ambacho kilikuwa changu mimi nimevaa kofia. Nakata. Halafu sauti naitanguliza mbele ya picha, kwa hiyo unamsikia akianguka kabla hujamwona, na ile sauti ya mwili kugonga sakafu ni gunia la mbolea nililoliangusha mwenyewe jikoni. Kofia inabingirika. Mkono unafunguka. Hakuna mahali popote ambapo Baba anaanguka kweli, maana goti lake halikumruhusu. Alijilaza polepole akilalamika, nikakata malalamiko yote na kubakiza nukta chache tu za mwili ukishuka, nikaziongeza kasi. Macho ya mtazamaji ndiyo yanayomwangusha. Mwishoni nikaondoa rangi, nikazidisha weusi, nikaiacha picha ya uso wake chini ya ile mistari mpaka mtu anayeitazama aanze kujisogeza kitini, kisha nikaififisha ikawa giza tupu.

Nilipita vizuri. Niliiweka filamu mtandaoni, jamaa wakaitumiana kwa simu, na shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, akapiga simu kukemea. “Shindwe kwa jina la Yesu!” alisema, na sikujua kama alikuwa akimwambia shetani au mimi. Mama alikataa kuitazama. Kila aliyemletea simu alimfukuza. Mimi nikapata kazi katika studio moja karibu na Kinoru, kukata video za harusi na za mahafali, na maisha yakaendelea.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Ilikuwa presha. Alilazwa hospitalini Jumapili, tukadhani atatoka, hakutoka. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi watu wa kwetu walivyokuwa wameitunza ile filamu vichwani. Hakuna aliyenitukana. Walinishika mkono, wakanipa pole, halafu wakanitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Shangazi peke yake ndiye aliyesema wazi, tukiwa tunamenya viazi vya wageni. “Mlimfanyia mazoezi,” akasema.

Niliendelea kumenya. Usingizini nilikuwa nikimwona chini ya ile mistari, na kazi yangu yote ya kukata na kuunganisha haikunisaidia kumpata akiwa mahali pengine.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mkutano wa mwisho wa matanga ulikuwa Jumanne mchana, hema limejaa, waumini wa kanisa letu wamekaa mbele, mama yangu katikati amefunikwa shuka. Kwetu siku hizi mazishi hayakamiliki bila video. Kuna mzee wa video ambaye hurekodi misiba yote ya upande ule, na huweka runinga kubwa mezani ionyeshe maisha ya marehemu, picha za ujana, za harusi, watoto, wajukuu, na wimbo wa dini chini yake. Mjomba wangu alikuwa amempa kazi hiyo. Picha za Baba zilizopatikana zilikuwa chache, zote amesimama wima kama analipwa ili asitabasamu. Mzee wa video akasema hazitoshi, anahitaji marehemu akitembea. Mjomba, kwa moyo mweupe kabisa, akamwambia yuko mtandaoni, yuko kwenye filamu nzima, tena ameshika nafasi ya mbele. Mzee wa video akaichukua akaiunganisha bila kuitazama hadi mwisho. Msimu ule alikuwa na misiba mingi.

Kwa hiyo tulikaa pale, tukaona picha za harusi, tukaona Baba na wanafunzi wake, wimbo wa mbinguni ukiimbwa, na ghafla rangi ikatoweka. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisimama nikitafuta waya wa umeme, nikajikwaa kwenye miguu ya watu. Baba akasikia kitu, akageuka. Kivuli. Gunia langu la mbolea likagonga sakafu. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Na hapo runingani, mbele ya hema zima, akiwa amelala mochari Embu mjini, Baba akalala pia ghalani kwake, hatua chache kutoka tulipokuwa, na wimbo wa dini ukiendelea. Nilikuwa nimeirefusha sana ile picha. Woi, nilikuwa nimeirefusha! Nilipoufikia waya, tayari ilikuwa inafifia.

Watu walikemea, wengine wakaomba kwa sauti, mchungaji akajaribu kuanzisha wimbo mwingine. Mama hakulia. Tangu hospitalini hakuwa amelia. Aliitazama runinga iliyozimwa, kisha akanitafuta mimi kwa macho.

“Amelala tu hapo?” akaniuliza. “Hamkumwamsha?”

Jioni ile alituita mimi na shangazi chumbani, akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo. Alisema hatakwenda kumwona Baba kwenye jeneza. Akifunga macho anamwona kwa ile sinema, akifungua anamwona pale pale. Hakumbuki tena Baba akila, hakumbuki akigombana na redio. Amejaribu. “Mmeninyang'anya uso wake,” akasema. “Kama aliamka, nionyesheni akiamka. Kama hamna, msiniite kesho kutwa. Siwezi kumwona amelala tena mara ya pili.”

Shangazi akashika kichwa. Kwetu mjane ndiye anayetangulia kumwona marehemu, mbele ya watu, na mjane asiyesogea karibu na jeneza huzungumzwa hadi wajukuu wake wazeeke. Watasema anaogopa nini. Watasema alifanya nini. Lakini hilo halikuniuma kama lile lingine. Mama alikuwa ameishi na yule mtu maisha yake yote, na sasa alikuwa amebakiwa na sekunde zangu chache tu za giza.

Jumatano asubuhi nilifanya upumbavu. Nilikuwa na filamu kwenye kompyuta, na kurudisha picha nyuma ni jambo la kwanza kabisa ambalo kila anayejifunza kuhariri hulichezea: maji yanarudi kwenye kikombe, mtu anatembea kinyumenyume. Nikachukua zile picha za kifo nikazigeuza. Mkono ukajifunga. Kofia ikabingirika ikarudi, na mwili ukainuka kutoka sakafuni. Nikampelekea Mama akiwa anakunywa uji.

Alitazama kidogo tu. Bakuli likamponyoka.

“Toa hiyo kitu! Toa! Huyo si yeye.”

“Mama, ni yeye, nimegeuza tu—”

“Baba yako hajawahi kuinuka hivyo! Anainuka kama anavutwa na kamba! Baba yako akiamka lazima aanze kutukana goti.” Akaisukuma kompyuta mbali. “Umeniletea pepo.”

Niliitazama tena nikiwa peke yangu nyuma ya jiko, na haki ya Mungu alisema kweli. Yule aliyeinuka alikuwa na sura ya Baba na hakuwa na uzito. Nikaifuta.

Ndipo nikamkumbuka rafiki yangu wa Kaaga na ubishi wake wa kutozima kamera. Picha ghafi sikuwa nazo, zilibaki kwake, na mimi sikuwahi kuzitaka tena. Mhariri haioni mikia ya picha, vile vipande vinavyobaki baada ya “kata.” Anaitupa kama Mama anavyotupa mawe ya maharagwe, mkono unaenda wenyewe. Nikampigia. Akasema anazo zote, hajawahi kufuta kitu maishani mwake. Sikungoja hata kubadilisha viatu.

Siku hizi anafundisha katika shule moja pale Kaaga. Alinipokea langoni na kompyuta kwapani, akanikumbatia, akanipeleka kwenye darasa tupu. Chumba cha pili watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha. Akaitafuta ile picha, akaniambia, “Keti kwanza.” Nikaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinifika kifuani.

Kitu cha kwanza kilichonipiga kilikuwa rangi. Nilikuwa nimesahau kwamba kulikuwa na rangi. Sweta yake ilikuwa ile ya rangi ya damu ya mzee, yenye kiraka kiwikoni. Sakafu ilikuwa na vumbi jekundu. Kuku alipita nyuma yake taratibu kana kwamba ghala ni lake. Nikaisikia sauti yangu ya usichana, kali, ya kuamuru: “Kata!” Na picha haikukatika.

Baba hakuinuka.

“Baba, imetosha,” sauti yangu ikasema. “Amka.”

Mistari ya jua usoni. Nilimtazama kifuani nikitafuta pumzi, pale kwenye kiti cha mtoto, miaka yote hiyo baadaye, na sikuiona.

“Baba?” Sauti yangu ilikuwa imebadilika. Kamera ikayumba kidogo. “Baba, wacha mchezo. Baba!”

Nilikuwa nimeisahau kabisa hofu hiyo. Rafiki yangu alinishika bega. Na hapo, kutoka nje, nyuma ya ukuta wa mbao, ikaja sauti ya Mama kwa lugha yetu ya nyumbani, imejaa fadhaa:

“Mwalimu! Ng'ombe imeingia kwa mahindi!”

Baba akaruka. Aliruka wima, goti likasahauliwa, kofia ikaenda upande mmoja na kuku upande mwingine. “Ng'ombe ya nani?” akafoka. Halafu goti likamkumbuka, akashika nguzo, akalitukana kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nje Mama alikuwa akicheka hadi anakosa pumzi. “Hakuna ng'ombe! Ameamka?” Baba akaitazama kamera, vumbi kwenye ndevu, akatikisa kichwa. “Huyu mama ndiye ataniua,” akasema, kisha akachechemea akatoka nje, na gunia la mlangoni likaanguka nyuma yake. Picha ikaendelea na sakafu tupu hadi rafiki yangu alipoona vyema kuzima.

Nililia kama mtoto. Watoto wa chumba cha pili wakaacha kuimba wakasikiliza.

Nilifika nyumbani jua likishuka. Mama alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Sikumwomba ruhusa, niliiweka kompyuta juu ya blanketi nikaiwasha, na aliposikia sauti yangu ikisema “amka” alijaribu kuifunga kwa mkono. Nikamzuia. “Ngoja, Mama. Ngoja kidogo tu.” Aliposikia sauti yake mwenyewe aligeuka.

“Ni mimi huyo,” akasema.

Alimwona akiruka. Alimsikia akitukana goti. Kwanza alicheka, kicheko kile kile cha nje ya ghala, halafu kikapinda katikati na akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, kwa sauti ambayo iliwafanya wanawake waliokuwa jikoni waje mbio. Shangazi aliingia akiwa na mwiko mkononi. Akatazama skrini, akamwona kaka yake na sweta ile, akaketi chini sakafuni. Hakukemea kitu. Mama akasema nirudie, nikarudia, akasema nirudie tena, na tukaendelea hivyo mpaka betri ikaisha.

“Sasa namwona,” akaniambia, akijifuta kwa shuka. “Kesho nitaenda.”

Alhamisi kulikuwa na rasharasha na ukungu. Jeneza liliwekwa uani kwenye vigoda viwili, kifuniko cha juu kikafunguliwa, na watu wakapanga foleni kutoka hemani hadi karibu na shamba. Mzee wa video alikuwa pale na kamera yake, ameinamisha uso, hakuthubutu kunitazama. Mchungaji akamwita Mama kwanza. Nilimshika mkono upande mmoja, shangazi upande mwingine. Nilikuwa tayari aanguke, nilikuwa tayari akatae dakika ya mwisho.

Hakuanguka. Alisimama akamtazama vizuri, akamtengeneza kola. Kisha akainama na kusema, si kwa kunong'ona, bali kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali:

“Mwalimu! Ng'ombe imeingia kwa mahindi!”

Wanaume wa nyuma waligeuka kutazama shambani, na mjomba wangu, ambaye mahindi ni roho yake, akaokota fimbo akaenda mbio. Mama hakugeuka. Aliendelea kuinama vile vile, mkono kwenye ukingo wa mbao, akimtazama usoni, na mimi nilijikuta namtazama Baba kifuani. Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye kifuniko. Mchungaji alifungua mdomo, shangazi akamkata jicho, akaufunga.

Mjomba akarudi akihema, viatu vimejaa tope.

“Hakuna ng'ombe yoyote,” akasema.

“Najua,” Mama akasema. Akanyooka. “Mfunikeni.”